Shajara ya mradi: jedwali la mitishamba na mapafu ya watoto njiti

Januari 11. Ninachotaka kukijenga

Mradi wenyewe ni jedwali tu. Kila mstari ni mmea mmoja, au kiambato kimoja cha mmea, kilichowahi kujaribiwa dhidi ya jeraha la mapafu la watoto wachanga. Kila safu ni swali moja. Mimi ni mfamasia, si mtafiti wa maabara, kwa hiyo kazi yangu hapa ni kusoma, kupanga na kuhakiki. Naiweka shajara hii wazi ili mwenye nia ya kufanya hivi kwa ugonjwa mwingine aone nilipojikwaa.

Kwa asiyeujua ugonjwa wenyewe: mtoto aliyezaliwa mapema mno hana mapafu yaliyokamilika, hivyo hupewa oksijeni na mara nyingi mashine ya kupumulia. Vitu hivyo viwili humwokoa, na ndivyo hivyo hivyo humjeruhi. Mwaka 1967 William Northway na wenzake walieleza hali hii kwa watoto waliopona ugonjwa wa utando wa hialini (shida ya kupumua ya mapafu ambayo hayajakomaa) baada ya kupumuliwa kwa mashine na oksijeni nyingi, wakaiita displasia ya bronkopulmonari. Siku hizi watoto wadogo zaidi wanaishi, kwa sababu ya surfaktanti (utelezi unaozuia vifuko vya hewa visigandamane) na mashine za upole, na sura ya ugonjwa imebadilika. Makovu si mengi kama zamani. Tatizo ni mapafu yaliyoacha kukua: vifuko vya hewa vichache, vikubwa, vyenye kuta zisizogawanyika. Ugonjwa hutajwa rasmi mtoto akifika wiki 36 tangu mimba ianze kuhesabiwa, akiwa bado anahitaji msaada wa kupumua.

Dawa ya kuuponya haipo. Ndiyo maana watu wanageukia mimea, kwa kuwa viambato vingi vya mimea hutuliza uvimbe na kuzima sumu za oksijeni ndani ya chupa za maabara.

Safu nilizoanza nazo ni nne: mmea, mnyama, dozi, na "inafanya kazi?". Hiyo ya mwisho imenitesa hadi nikaifuta, lakini tusitangulie.

Januari 19. Manjano gani?

Utafutaji wa kwanza ulikuwa wa kuchekesha. Nilianza kwa Kiswahili, nikaandika manjano, mtoto mchanga, mapafu. Nikaletewa kurasa na kurasa za watoto wenye macho ya njano, zinazoeleza bilirubini (ile rangi ya njano ya damu) na taa za buluu. Kiungo na ugonjwa vina jina moja, na hakuna programu ya kutafuta inayojua unataka kipi. Nikajaribu binzari, nikapata mapishi.

Nikahamia Kiingereza kwa maneno ya jumla ya mitishamba na jeraha la mapafu. Huko nikazama kwenye mapafu ya watu wazima, mengi yakiwa ya panya wakubwa waliopuliziwa sumu ya bakteria. Huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Pafu la mtu mzima limejeruhiwa likiwa limekwisha kujengwa, ila la njiti linajeruhiwa fundi akiwa bado ukutani.

Kilichofaa: kwa kila mmea nikaandika majina matatu, yaani jina la Kilatini la mmea, jina la kiambato, na jina la Kichina kwa herufi za Kilatini pale linapokuwepo. Kisha nikaambatanisha na neno la oksijeni kuzidi na neno la kitoto cha mnyama. Mmea mmoja ukitafutwa kwa Salvia miltiorrhiza, kwa danshen na kwa tanshinoni, unakuletea marundo matatu ambayo hayafanani.

Gharama hadi sasa ni saa 9, tano kati yake za kutupa.

Februari 2. Jaribio moja lililohesabiwa mara tatu

Leo nimefuta mistari sita. Nilikuwa nimejaza kwa furaha, nikidhani kurkumini (kile kinachoyapa manjano rangi yake) ina ushahidi mwingi wa kujitegemea. Kumbe maabara moja inaweza kutoa makala ya matokeo ya siku chache, kisha makala ya matokeo ya muda mrefu, halafu makala ya mapitio inayozitaja zote mbili kana kwamba ni za wageni. Mimi nikaandika mistari mitatu.

Namna ya kulikamata kosa hili: linganisha jina la maabara, aina ya panya, asilimia ya oksijeni, dozi, na idadi ya vitoto kwa kila kundi. Vikifanana vyote vitano, simamisha kalamu hadi uhakikishe. Sasa sheria ni mstari mmoja kwa jaribio moja, hata likichapishwa mara ngapi.

Kuna jambo lililonisumbua zaidi ya hilo. Nilipoisoma safu ya "inafanya kazi?" kutoka juu hadi chini, ilikuwa ndiyo, ndiyo, ndiyo. Hakuna duka la dawa duniani lenye rafu ya namna hiyo. Majaribio yaliyoshindwa hubaki kwenye madaftari ya wenyewe, nasi huku nje tunasoma washindi. Nimeongeza alama ya nyota kwa kila jaribio lililosema wazi kwamba aliyepima picha za mapafu hakujua kitoto kipi kilipewa dawa. Nyota zimetoka chache kuliko nilivyotarajia.

Februari 16. Kitoto cha panya si mtoto njiti

Wiki mbili nzima zimeenda kwenye safu ya "mnyama". Nilikuwa nimeandika "panya mchanga" nikaridhika. Kisha nikajiuliza kwa nini watafiti wanamtumia panya aliyezaliwa kwa wakati wake kumwakilisha mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati.

Jibu limo kwenye ratiba ya ukuaji. Panya huzaliwa mapafu yake yakiwa hatua ya vifuko vya mwanzo, hatua ambayo binadamu huipitia tumboni, karibu na wiki zile ambazo njiti wadogo huzaliwa. Vifuko halisi vya hewa vya panya huanza kugawanyika siku ya nne hivi baada ya kuzaliwa na kazi kubwa huisha wiki ya tatu. Ukimweka kwenye sanduku la oksijeni katika siku hizo, mapafu yake huacha kugawanyika na chini ya hadubini yanafanana na ya njiti mgonjwa. Ni mfano mzuri kwa hilo.

Ila angalia kinachokosekana. Kitoto cha panya kina surfaktanti yake. Kinapumua chenyewe, kinanyonya, hakina mrija kooni, hakina maambukizi kutoka kwa mama, na hewa inayokiumiza ni oksijeni peke yake, mara nyingi asilimia 85 au zaidi. Njiti hupata mchanganyiko wa shinikizo la mashine, maambukizi, lishe duni na oksijeni inayopandishwa na kushushwa saa kwa saa.

Jambo dogo nililolipenda katika maelezo ya mbinu: mama wa vitoto lazima abadilishwe kila siku, mmoja akae ndani ya sanduku na mwenzake apumzike kwenye hewa ya kawaida. Panya mkubwa akiachwa humo kwenye oksijeni karibu tupu hufa ndani ya siku chache, wakati watoto wake wanastahimili. Makala yasiyotaja kubadilisha mama nimeyawekea alama ya kuuliza, maana mama mgonjwa hanyonyeshi vizuri, na kitoto kisichoshiba huwa na mapafu madogo kwa sababu nyingine kabisa.

Nimeongeza safu mbili: "jeraha lilitoka wapi" na "dawa ilianza lini". Hii ya pili imeangusha mistari mingi. Katika majaribio mengi niliyosoma, dawa inaanza siku ile ile oksijeni inapoanza, au hata kabla. Huko ni kukinga, si kutibu. Wodini hatujui siku ya kwanza ni nani ataugua wiki ya 36, kwa hiyo kukinga maana yake ni kuwapa watoto wote, wakiwemo ambao wasingeugua kamwe, katika siku zile ambazo miili yao ni dhaifu kuliko wakati wowote.

Machi 2. Glasi tatu

Nimechoka kusoma. Leo nimefanya jaribio la mezani ambalo yeyote anaweza kulirudia.

Unga wa manjano, nusu kijiko kwa kila glasi. Ya kwanza nikatia maji ya uvuguvugu. Ya pili nikatia spiriti. Ya tatu maji yenye magadi. Nikakoroga zote kwa dakika moja nikakaa kuangalia.

Glasi ya maji ilianza kama supu ya njano, ikavutia kweli. Baada ya dakika 20 unga wote ulikuwa umelala chini kama tope la mtoni, na maji ya juu yamebaki na rangi hafifu. Nikakoroga tena, ukalala tena. Glasi ya spiriti ilikuwa kinyume: unga ulishuka pia, lakini kioevu cha juu kilikuwa angavu, rangi ya chungwa iliyoiva, unaweza kusoma maandishi kupitia humo. Ile ya magadi iligeuka nyekundu ya damu ya mzee mara tu nilipokoroga.

Glasi hizi zinaeleza tatizo lote la kurkumini bila maneno mengi. Haiyeyuki kwenye maji, inataka spiriti au mafuta. Ikikutana na magadi, umbo lake hubadilika na baada ya hapo huvunjika. Hata pasipo magadi haina usalama: watafiti waliiweka kwenye kimiminika kisicho na protini, kwenye joto la mwili na uchachu unaokaribia wa damu, na sehemu kubwa ilipotea ndani ya nusu saa. Kukiwa na protini za damu hudumu zaidi, kwa saa kadhaa. Na ikimezwa, utumbo na ini huibadilisha haraka sana kiasi kwamba watu wazima waliomeza gramu 8 kwa siku walionekana na kiasi kidogo mno kwenye damu.

Halafu unga wenyewe. Kurkumini ni asilimia 3 hivi ya unga wa manjano, hupanda na kushuka kutoka shehena hadi shehena. Kumewahi kupatikana unga uliotiwa kromati ya risasi, rangi yenye madini ya sumu ya risasi, ili uonekane wa njano zaidi. Mtoto wa gramu 900 hana nafasi ya kubahatisha risasi.

Kosa langu la siku hii: niliandika kwenye jedwali "manjano" mahali panapotakiwa "kurkumini safi". Nimerudi juu nikasahihisha mistari yote. Vitoto vya panya katika majaribio yale havikupewa manjano. Vilipewa unga wa maabara uliosafishwa, kwa sindano ya tumboni. Safu mpya: "njia ya kuingia". Karibu kila mstari unasoma "sindano ya tumboni", njia ambayo hakuna muuguzi wa njiti anayeitumia kutoa dawa.

Gharama: saa 2 na kitambaa cha meza. Rangi haitoki.

Machi 16. Kilichobeba dawa

Kama kiambato hakiyeyuki kwenye maji, kiliingiaje mwilini mwa kitoto? Kuna kitu kilikibeba. Nimerudi kwenye sehemu za mbinu nikitafuta neno hilo moja tu, kibebeo, nikakuta mafuta, spiriti, kiyeyushi cha DMSO, na polisobati, ile sabuni ya maabara inayochanganya mafuta na maji. Mahali pengine hapakuandikwa kitu.

Mfamasia yeyote wa watoto akisikia polisobati na njiti katika sentensi moja anakumbuka E-Ferol. Ilikuwa vitamini E ya kuingizwa kwenye mshipa, iliyouzwa Marekani kuanzia mwishoni mwa 1983. Nia ilikuwa nzuri na ni ile ile ya mitishamba yetu: kuzima sumu za oksijeni kwa njiti. Haikuwa imejaribiwa ipasavyo kwa watoto hao. Walianza kujaa maji tumboni, ini na figo vikashindwa, na hadi ilipoondolewa mwaka 1984 ilihusishwa na vifo vya watoto 38. Kidole kikubwa kilielekezwa kwenye polisobati zilizotumika kuiyeyusha.

Miaka miwili kabla ya hapo, 1982, ilikuwa zamu ya pombe ya benzili. Hiyo haikuwa hata dawa. Ilikuwa kihifadhi kwenye maji ya kusafishia mirija, na ilitosha kuwafanya njiti watwete hadi kufa, kwa sababu ini lao halikuweza kuisafisha kama la mtu mzima.

Basi safu ya saba ni "kibebeo", na nimeipa sheria kali kuliko zote: mstari usiojulikana kibebeo chake hauwezi kupanda ngazi yoyote, hata matokeo yake yakiwa ya kupendeza vipi. Pia nimeanza kuangalia kama kulikuwa na kundi la vitoto vilivyopewa kibebeo kitupu. Pasipo kundi hilo huwezi kusema ni mmea uliofanya kazi au ni mafuta.

Nimewaandikia waandishi wa makala nane kuuliza kibebeo.

Machi 29. Kafeini, na kosa la mara mbili

Rafiki mmoja aliyesoma rasimu aliniuliza swali la kitoto lililonifunga mdomo: "Mbona hakuna hata mmea mmoja uliofika kwa watoto?"

Upo, nao tunautoa kila siku bila kuuita mtishamba. Kafeini ilitolewa kwenye punje za kahawa na Friedlieb Ferdinand Runge mwaka 1819. Wodini hutumika kama kafeini sitreti kwa njiti wanaosahau kupumua. Jaribio lake kubwa lilichapishwa 2006, nalo, kwa sadfa, liliandikisha watoto 2,006, wenye uzito wa gramu 500 hadi 1,250, nusu wakipewa kafeini na nusu plasebo, yaani dawa bandia. Walioendelea kuhitaji oksijeni wiki ya 36 walikuwa asilimia 36 kwenye kafeini na asilimia 47 kwenye plasebo. Walifuatiliwa pia baada ya hapo: walipofika umri wa takriban mwaka mmoja na nusu, waliopooza kwa mtindio wa ubongo walikuwa wachache zaidi upande wa kafeini.

Nimeiweka mstari wa kwanza, iwe kipimo cha wengine. Na papo hapo nikakosea vibaya kuliko siku zote za mradi huu.

Chanzo kimoja kilisema dozi ya kuanzia ni miligramu 20 kwa kilo. Kingine kikasema 10. Nikaandika "vyanzo vinapingana" nikaendelea. Usiku nikiwa kitandani ndipo likaniingia: 20 ni ya kafeini sitreti, yaani kafeini pamoja na chumvi yake, na nusu ya uzito huo ndiyo kafeini yenyewe. Vyanzo vilikuwa vinasema jambo lile lile. Jedwali langu lingemfikia mtu mwenye haraka akasoma "kafeini 20", mtoto angepata mara mbili. Na kafeini haitoki upesi mwilini mwa njiti: kwa mtu mzima nusu yake huondoka kwa saa tano hivi, kwa njiti huchukua karibu saa 100.

Nimeondoa dozi zote za binadamu kwenye jedwali. Zote. Si mahali pake. Safu ya dozi sasa ni ya wanyama tu na imeandikwa hivyo kwa herufi nzito. Nilikuwa pia nimejaribu kugeuza dozi za panya kuwa za mtoto kwa kile kigawanyo cha 6.2 kinachofundishwa vyuoni. Kigawanyo hicho ni cha panya mkubwa kwenda kwa mtu mzima. Kwa kitoto cha gramu sita na njiti wa gramu 900 hakina maana yoyote. Nimefuta.

Kafeini imenifundisha kitu kingine ambacho sikukitarajia. Waliopewa waliondolewa kwenye mashine za shinikizo karibu wiki moja mapema. Inaaminika hapo ndipo sehemu kubwa ya faida ilipo: mtoto anapumua mwenyewe, mashine inampumzisha. Sasa rudi kwenye sanduku la panya. Vitoto havimo kwenye mashine, kwa hiyo sanduku lile lisingeweza kutuonyesha faida hiyo, na kweli kafeini kwa panya wa oksijeni imetoa majibu yasiyolingana. Dawa iliyofaulu kwa watoto ingeweza kutupwa na mfano wetu. Basi na kinyume chake kinawezekana.

Aprili 12. Rula na picha

Nilitaka kuelewa kile wanachokipima. Kipimo kikuu ni urefu wa wastani kati ya ukuta na ukuta wa vifuko vya hewa. Unachora mistari juu ya picha ya hadubini, unahesabu mara ngapi inakata kuta, unagawanya urefu wa mistari kwa idadi ya makato. Namba kubwa maana yake vifuko vikubwa na vichache, yaani pafu bovu.

Nikachapisha picha mbili kutoka makala moja, ya oksijeni pekee na ya oksijeni pamoja na kiambato. Nikachora mistari kumi kwa kila moja kwa penseli. Pafu lililojeruhiwa linafanana na wavu wa samaki uliochanika, matundu makubwa yenye nyuzi zinazoning'inia. Lile lililotibiwa ni kama mkate uliochacha vizuri. Nikahesabu: tofauti kubwa mno, karibu mara mbili. Nikafurahi.

Kisha nikaona kijistari cha kipimo pembeni. Picha ya kwanza kilisema mikromita 50, ya pili 100. Picha moja ilikuwa imekuzwa mara mbili ya mwenzake, na mimi nilikuwa nimelinganisha dirisha lililosogezwa karibu na lililo mbali. Nilipohesabu upya, tofauti ilibaki ndogo sana. Kwa haki yao, waandishi walikuwa wamepima kwa picha nyingi zenye ukuzaji mmoja. Mbili zilizochapishwa zilikuwa za kuonyesha tu. Kosa lilikuwa langu. Lakini sasa picha yoyote naangalia pembeni kwanza.

Jambo la pili ni ujazo. Pafu hujazwa kimiminika cha kuhifadhi kwa shinikizo maalumu kabla ya kukatwa, sentimita 20 hadi 25 za maji. Likijazwa kidogo, vifuko vinaonekana vidogo na pafu linaonekana zima. Shinikizo lisilotajwa limeingia kwenye alama za kuuliza.

Gharama: Jumamosi nzima, karatasi nane.

Aprili 27. Danshen ni dawa ngapi?

Mstari huu nimeuandika na kuufuta mara nne. Mzizi wa danshen una makundi mawili ya viambato yasiyoelewana: tanshinoni zinazopenda mafuta na asidi za salvianoliki zinazopenda maji. Ukichemsha mzizi kwa maji unapata hasa kundi la pili. Ukiuloweka kwenye spiriti unapata zaidi la kwanza. Makopo yote mawili yataandikwa danshen.

Suluhisho: sina tena mstari wa "danshen". Nina mstari wa kila kiambato kinachojulikana kwa jina lake, na sehemu ya chini ya jedwali ya "mchanganyiko" kwa dondoo zisizopimwa kilichomo. Astragalusi, mmea mwingine wa tiba ya Kichina, nayo imegawanywa hivyo hivyo, na kiambato chake astragalosidi IV kikasimama peke yake.

Danshen imeleta pia safu ya nane, "hatari inayojulikana kwingine". Kwa watu wazima wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, huongeza kutokwa na damu. Njiti hutokwa damu kwenye ubongo hasa katika siku tatu za kwanza, siku zile zile ambazo dawa ya kukinga ingetakiwa kuanza. Mfano mwingine niliouweka pembeni kama onyo ni berberini, kiambato cha mizizi ya njano ya Coptis iliyozoeleka kupewa watoto. Husukuma bilirubini itoke kwenye protini inayoibeba, na bilirubini iliyoachiwa ndiyo inayoingia kwenye ubongo. Singapore iliipiga marufuku 1978 kwa sababu ya watoto wenye manjano. Hapa tumerudi kwenye manjano ile nyingine, ile niliyoikimbia Januari.

Mei 10. Swali la zamu ya usiku

Nilimpelekea jedwali dada mmoja muuguzi wa wodi ya njiti, nikitarajia pongezi. Akalisoma kwa utulivu, kisha akaniambia:

"Kaka, kazi nzuri. Sasa mama akinishika mkono saa nane usiku na chupa ya dawa ya mizizi aliyopewa na mama mkwe wake, nimwonyeshe safu ya ngapi?"

Hakuna. Safu nane na hakuna hata moja inayomjibu yule mama. Nimekaa na dada huyo mchana mzima tukaandika ukurasa wa mbele. Yeye ndiye aliyekataza neno "ushirikina" na neno "marufuku" kwenye mstari wa kwanza. Anasema mama akisikia hivyo chupa inafichwa kwenye kanga na hutaiona tena. Ukurasa unaanza kwa kumwomba aonyeshe chupa, kwa sababu daktari anahitaji kujua kama mtoto ameshapewa na lini. Kisha unaeleza kwa nini tone moja si dogo kwa mtoto wa gramu 900, kwamba utumbo wake haujawa tayari kwa kitu kisicho maziwa, kwamba mzizi hauna kipimo. Unamwambia kile anachoweza kumpa kinachojulikana kusaidia: maziwa yake mwenyewe, hata mililita moja kwa mrija, na kifua chake, ngozi kwa ngozi. Unamalizia kwa kumwambia kwamba ile dawa ya matone anayoona mtoto akipewa kila siku ilianzia kwenye mmea wa kahawa. Hapo, anasema dada, ndipo wanapotabasamu.

Mei 24. Lilipofikia

Saa zilizotumika zimefika 104. Kati ya hizo nakadiria 40 zilikuwa za kufuta nilichokwisha kuandika. Makala yaliyofungwa kwa malipo niliyapata kwa kuwaandikia waandishi moja kwa moja, wengi hutuma.

Safu ya "inafanya kazi?" imeondolewa kabisa. Mahali pake pana maswali mawili: nani amepewa, na alipewa akiwa tayari mgonjwa au kabla. Kwenye mistari niliyokwisha kuihakiki hadi leo, kafeini peke yake ndiyo yenye neno "watoto". Iliyobaki ni panya, na mingi ni "kabla".

Kati ya waandishi nane niliowauliza kibebeo, watatu wamejibu. Wawili mafuta, mmoja DMSO, kiasi gani hakumbuki, ataangalia kwenye daftari. Mistari mitano iliyobaki ina alama ya kuuliza na itakaa hivyo.

Atakayeiga: anza na safu ya kibebeo na safu ya "ilianza lini" kabla ya kuandika mmea wowote. Ningefanya hivyo ningeokoa mwezi mzima. Jumamosi ijayo naanza resveratroli, kiambato cha ngozi ya zabibu.